Hadija Si Bawa

Nilikuwa nagawa pilau ya arobaini ya Hadija, huko Dindira, upawa mkononi, niliposikia Bwana Mhina anasema uongo. Wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tuko upande wa jikoni, na katikati yetu palikuwa na ukuta wa matete tu, kwa hiyo kila neno lilipita. Amezeeka, sauti imekuwa nyembamba, lakini bado anaongea kama mtu anayesoma karatasi. Alisema marehemu alikuwa mfanyakazi wake wa zamani. Alisema ni yeye, Mhina, aliyembuni yule nzi wa ndoana ambaye mpaka leo wazungu wanamnunua kwa jina la Mhina, na kwamba marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mwepesi sana wa kuiga. Mwepesi wa kuiga. Niliulaza upawa juu ya mfuniko wa sufuria. Mama aliyekuwa ananipokea sahani akaniambia, "Mama Salimu, hiyo inasubiriwa." Nikamwambia isubiriwe.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema mwishoni. Kwanza nataka niuandike mwaka wenyewe, ule niliofanya kazi kwa Bwana Mhina pamoja na Hadija. Mimi si mwandishi. Nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu usichana nina tabia ya kuandika mistari miwili mitatu kwenye daftari kila jioni. Daftari la mwaka ule bado ninalo, mchwa wamelila pembeni, wala halinisaidii sana, maana siku iliyokuwa nzito kuliko zote limeandika hivi tu: "Leo makande. Hadija kafukuzwa." Kwa hiyo mengi yatatoka kichwani, na kichwa cha mtu kina tabia ya kumpendelea mwenyewe. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Lakini yapo niliyo na hakika nayo, na kwa hayo siombi ruhusa ya mtu. Habari za kwetu Kwamsisi, Handeni, na jinsi nilivyofika Korogwe nitaziruka. Wasichana wengi wa wakati wangu walifika kwa njia ileile, na mfuko uleule wa nguo, na ahadi ileile ya shangazi.

Karakana ya Bwana Mhina ilikuwa Masuguru, nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikianza kazi meza yetu ilitetemeka, nasi tukaacha mikono hewani tukingoja debe la mtu liishe. Kazi yetu ilikuwa kufunga nzi. Nieleze kwa asiyejua, maana hata shangazi niliyekaa kwake alidhani namtania. Ni ndoana ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, unaivisha manyoya na nyuzi mpaka samaki wa mito ya baridi adhani ni mdudu wa kweli ameanguka majini. Wazungu wanavua hivyo kwa starehe, na samaki wengi wanawarudisha mtoni. "Wanamrudisha?" shangazi aliniuliza. "Mtu anavua, halafu anarudisha?" Nikasema ndivyo tulivyoambiwa. Akasema, "Basi na wewe kesho ukawarudishie nzi wao, uje tulime."

Tulikuwa wanawake tisa kwenye meza moja ndefu chini ya dirisha. Kila mmoja alikuwa na jiliwa yake ndogo, imefungwa kwenye ukingo wa meza, inashika ndoana kwa meno ili mikono yote miwili ibaki huru. Mwisho wa meza, karibu na mlango, aliketi Mama Stela, msimamizi wetu, na kioo cha kukuzia. Kila nzi alipita chini ya kioo kile. Asiyefaa alikatwa kwa wembe, ndoana ikarudi kwako uanze upya, na Mama Stela alikata bila kukutazama usoni. Katikati ya meza palikuwa na chupa ya kioo, ndani yake amening'inia sampuli, nzi mmoja kutoka Ulaya. Siku ya kwanza Bwana Mhina alinisimamisha mbele ya chupa ile. "Huyu ndiye mwalimu," alisema. "Unachokiona ndicho unachofanya. Ukiona ana kasoro, fanya na kasoro yake. Hapa hatubuni." Na kweli hatukubuni. Mara moja sampuli ilisahauliwa kabatini, mende wakamla mkia, nasi wiki nzima tukafunga nzi wasio na mkia, safi kabisa, wote sawasawa, na Mama Stela akiwapitisha mmoja mmoja. Bwana Mhina alipogundua alikaa kwenye kiti akacheka mpaka akashika ubavu. Nasema hili ili ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya. Alitulipa kwa wakati, alituwekea maziwa kwenye chai, na mimi alinipokea nilipokuwa sijui kushika hata mkasi. Wala sidharau kunakili. Kumfanya nzi wa mia awe pacha wa nzi wa kwanza ni kazi ya jicho na subira, na mikono mingi haiwezi. Tatizo langu na Bwana Mhina halikuanzia kwenye kunakili.

Mimi ni mashoto. Mama Stela aliliona hilo kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza wa uzi, akagonga meza kwa kioo chake. "Mkono huo wa wapi?" Wenzangu wakacheka. Nikasema ndivyo nilivyozaliwa. "Kuzaliwa ulizaliwa Handeni," alisema, "hapa ni Korogwe. Zungusha kwa kulia kama wenzio, nzi wote waelekee upande mmoja." Nikazungusha kwa kulia. Kwa uzi niliweza, baada ya wiki kadhaa za kukatwa kwa wembe. Tabu ilikuwa waya. Juu ya tumbo la nzi kunapita waya mwembamba wa shaba, kama mistari ya dondora, na mkono wangu ukifika kwenye waya ulisahau mafundisho yote ukarudi kwao. Aliyekaa kushoto kwangu ndiye aliyeumia, kwa sababu viwiko vyetu viligongana kutwa. Huyo alikuwa Hadija. "We mtoto wa Kizigua," alinambia siku ya tatu au ya nne, "mimi na wewe tutapigana viwiko mpaka tuzikwe." Alikuwa amenizidi miaka mitano hivi, mwembamba, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele ambao aliutumia kukatia uzi.

Hadija ndiye aliyenifundisha kazi kwa kweli, na alifundisha kwa namna ambayo sikuiona pengine popote. Kila hatua aliiita kwa jina la mtu aliyeileta. Lile fundo la mwisho linalofunga kichwa cha nzi, Mama Stela ndiye aliyeleta namna yake, kwa hiyo fundo liliitwa stela. "Piga stela mbili, paka vanishi." Kutandaza unyoya wa jogoo ukasimama kama ufagio wenzangu walionyeshwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekaa nao wiki mbili kabla sijafika, hiyo ikawa bi mgeni. Nilimuuliza kwa nini asiseme tu fundo, au unyoya. Alikuwa anakula, nakumbuka ilikuwa bada, ugali wa muhogo, na mchicha, maana alikuwa anaikata bada kwa uzi kwa kunionyesha kwamba nayo inafungika. Akasema, "Mtu akikupa kitu ukakitumia kila siku, hata jina lake usitaje? Hiyo ni njaa gani?" Basi meza nzima tulisema vile, na mtu angepita dirishani angedhani tunasengenya: Stela huku, bi mgeni kule. Mama Stela mwenyewe alijifanya hasikii. Lakini niliwahi kumwona anatabasamu ndani ya kioo.

Halafu nyuzi za hariri kutoka nje zikachelewa. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu hapa ndipo haki ya kila mtu ilipo. Bwana Mhina ndiye aliyeingia asubuhi moja na fungu la singa za katani begani, nyeupe, ndefu kama nywele za bibi kizee, akalitupa mezani. "Korogwe hii tunakaa juu ya katani," alisema, "halafu tunangoja nyuzi za watu. Lowekeni, jaribuni." Alisema yeye. Hakuna mwingine aliyefikiri hivyo kabla yake. Tukaloweka, tukasuka matumbo ya nzi kwa katani, yakawa mazuri lakini meupe mno, na nzi mweupe hakuwepo kwenye chupa. Hadija akaenda kwao Dindira kwa sikukuu ya Idi. Aliporudi alikuwa na vitu viwili: mfuko wa vumbi la majani ya chai, na kichupa cha dawa ya kikohozi chenye maji na wadudu wanne wa mtoni waliokufa. Alichemsha ile chai katika sufuria yetu ya makande, na siku ile makande yalikuwa na rangi ya kahawia na uchungu tukayala hivyohivyo. Katani ikatoka na rangi ya mto. Kisha akaweka kile kichupa mbele yake, wakati sisi macho yetu yako kwenye sampuli ya Ulaya, akaanza kumfunga mdudu wa kwao.

Alimfanya siku tatu, saa za mapumziko. Bawa lilimsumbua. Alijaribu jogoo, akajaribu bata, mwisho nikampa manyoya ya kanga wa porini niliyokuja nayo kutoka Kwamsisi, meusi yenye madoa, nikiwa nayo kwa pambo tu. Alichagua unyoya mmoja, akaugawanya, akaulaza nyuma kidogo, si wima kama wazungu wanavyofanya, kwa sababu, alisema, mdudu wa Dindira akianguka majini hasimami, analala kama mtu aliyechoka. Nilikuwa naangalia. Siwezi kueleza vizuri, lakini nzi wengine wote niliokuwa nimefunga walikuwa nzi, na huyu alikuwa amekufa. Yaani alikuwa amewahi kuwa hai. Mama Stela akamweka chini ya kioo, akakaa naye muda mrefu. "Huyu hayupo kwenye chupa," alisema. Hadija akamsogezea kichupa cha dawa ya kikohozi. "Yupo kwenye hii."

Nzi yule alikuwa na ila moja, tumbo lilifumuka. Katani ni ngumu, haikubali kulala, na ukiivuta kidogo inajikunjua yote pamoja na waya. Hadija alinipa nimfungie watatu aone kama mkono mwingine utasaidia. Nikafunga. Kwenye waya, kama kawaida yangu, nikapotea, nikauzungusha kinyume, ukapita juu ya katani kwa kuikatiza badala ya kuifuata. Mama Stela aliwaona akachukua wembe. Hadija akamshika mkono. Akamtia nzi mmoja katikati ya meno yake, pale kwenye mwanya, akavuta kama samaki. Akavuta tena. "Hii haifumuki," alisema. Akanitazama. "Umefanyaje?" Nikasema nimekosea. Akasema, "Kosea tena, niangalie." Sijui mpaka leo kama kile kilikuwa kitu nilichokibuni. Mimi nasema hapana, mkono tu ulikosea. Hadija alisema mkono ukikosea vilevile mara tatu ni wako.

Bwana Mhina alimpenda yule nzi mara moja, akatia watano katika mzigo wa kwenda nje, bila mnunuzi kuwaagiza. Jibu lilirudi baada ya kama miezi miwili. Mnunuzi aliwataka wengi, na aliuliza aliyembuni anaitwa nani, ili jina lichapwe kwenye kisanduku. Bwana Mhina alitusomea barua tukiwa tunakula, akaikunja. "Ataitwa Mhina," alisema. Hadija aliweka kijiko chini. "Bosi, andika basi majina yote. Lako liwemo, katani ni yako." "Majina yote hayaingii kwenye kisanduku kama kiberiti." "Basi lisiingie hata moja." Bwana Mhina akamwambia, kwa upole, na nadhani aliamini anachosema, kwamba karakana ni yake, meza ni yake, ndoana ni zake, na mtu akipika kwa mwenzake chakula ni cha mwenye nyumba. Hadija akasema, "Mwenye nyumba hasemi kapika yeye."

Jumatatu iliyofuata tukakuta karatasi ukutani, imepigwa taipu, hatua za kufunga nzi wa Mhina, namba moja mpaka kumi na moja. Tukaambiwa kuanzia siku ile tutaje namba, kwa sababu wageni watakuja kututembelea na majina ya watu yatawachanganya. Ilikuwa ajabu kukaa mezani siku ile. Midomo ilikuwa inafunguka na kufungwa. Hadija peke yake aliendelea kama kawaida, kwa sauti ileile, si kwa kupiga kelele: piga stela, tandaza bi mgeni, na ya kwangu, ambayo alikuwa ameanza kuitaja hivi karibuni, zungusha mwantumu nne. Maana Mwantumu ndilo jina langu. Hilo la Mama Salimu lilikuja na mtoto. Nilimkanyaga mguu chini ya meza anyamaze. Niliogopa, na niliona haya kutajwa. Siku ya Alhamisi Bwana Mhina akasimama nyuma yake, akamsikiliza akifunga nzi mzima kwa majina, akamwambia, "Kuanzia kesho usije." Hadija akamaliza stela ya pili, akapaka vanishi, akakata uzi kwa meno, akachukua kichupa chake, akatuaga mmoja mmoja. Sisi wanane tulitazama ndoana zetu. Naandika wanane, na mimi nimo. Makande yalikuwa mezani.

Wiki tatu nilifunga nzi wa Mhina kwa namba. Bawa, lile la Hadija, lilikuwa namba saba. Nilikuwa nasema saba kwa mdomo na jina lake moyoni, na nilijiambia kwamba hilo linatosha, kwamba Mungu anasikia moyo. Huenda anasikia. Hadija hakusikia. Kisha mgeni akaja, mzungu mtu mzima, mwenye kijitabu cha kuchorea, mstaarabu, alisema asante kwa kila kitu hata kwa kiti. Nilichaguliwa mimi nifunge mbele yake, kwa sababu matumbo yangu ndiyo yasiyofumuka. "Usiongee," Bwana Mhina aliniambia. "Akiuliza nitajibu mimi." Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimepanga. Sikupanga kitu. Nilifunga kimya mpaka bawani, vidole vikaugawanya unyoya, vikaulaza nyuma, na mdomo ukasema wenyewe, "Hadija."

Mgeni akauliza. Bwana Mhina akamjibu kwa Kiingereza, neno moja au mawili. Mgeni akaligusa bawa kwa ncha ya kalamu, akasema, "Hadija," akatabasamu, akachora bawa kwenye kijitabu chake, akatia mshale, na mwisho wa mshale akaandika. Kusoma najua. Aliandika jina la Hadija pale kama unavyoandika jina la kiungo cha kuku. Nikamgeukia Bwana Mhina. "Umemwambia nini?" "Endelea kufunga." "Umemwambia Hadija ni bawa." "Mwantumu, funga." Nikauachia uzi. Uzi ukiuachia kabla ya fundo, vitu vyote vinaondoka, bawa, unyoya, vyote, inabaki ndoana na tumbo. Nikamwambia mgeni kwa Kiswahili changu, polepole, kama mtu anaongea na kiziwi: "Hadija si bawa. Hadija ni mtu. Anakaa Dindira. Kiti chake kile pale." Nikamwonyesha kwa mkono kimo chake, nikamwonyesha mahali pa mwanya wake kwenye meno yangu mwenyewe. Halafu kutoka mlangoni Mama Stela, ambaye hakuwahi kukubali kwamba anasikia, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kioo, "Na Stela ni mimi."

Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Mgeni alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine, akafunga kijitabu, na sijui aliondoka na nini kichwani. Nzi aliendelea kuitwa Mhina. Wakati mwingine nawaza kwamba ningenyamaza, angalau jina lake lingebaki kwenye kitabu cha mzungu, hata kama ni kwa makosa. Nawaza hivyo, halafu nasema hapana. Afadhali lisiwepo kuliko liwepo kama kiungo.

Ijumaa nikapanda lori la kubebea majani ya chai mpaka Dindira. Nilidhani nitapokelewa kama shujaa. Nilimkuta Hadija anachambua maharage, akanikaribisha, akanipa viazi na chai, nikamweleza yote, mgeni, mshale, kiti, Mama Stela. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mgeni alikuja lini?" Nikasema Jumanne hii. Akahesabu kwa vidole. "Wiki tatu. Wiki tatu ulimfunga kwa namba." Nikasema ndiyo. "Bawa lilikuwa namba ngapi?" Nikasema saba. "Saba," alisema. Akaniongezea chai. Jioni alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea hata mfuko, tukaongea habari za mvua. Nikarudi Kwamsisi, nikaolewa, nikalima. Nilionana naye mara mbili katika miaka yote hii, mara zote sokoni Korogwe, tukasalimiana, tukaulizana watoto. Sikuwahi kujua kama alinisamehe, na sikuwahi kumuuliza, na hilo ndilo nililokuwa nimebeba nilipokwenda arobaini yake.

Sasa turudi kwenye upawa. Nilizunguka ukuta wa matete nikatokea mbele ya wanaume, nikiwa nimeushika tena bila kujua. "Shikamoo, Bwana Mhina." Akasema marahaba, nani mwenzetu. "Mmoja wa waliokaa mezani kwako Masuguru. Nimesikia uliyosema, nimekuja kusahihisha." Sheikh akaniambia mama, leo tumekuja kwa dua. Nikamwambia, "Sheikh, marehemu ametajwa kwa jambo lisilo lake. Nisiposema leo nitasema lini?" Hakunizuia. Nikasema kwa mpangilio, kama Hadija alivyofundisha. "Katani ni yako, Bwana Mhina. Hilo nitalisema popote. Fundo ni la Mama Stela. Kutandaza unyoya tulipewa na bi mgeni. Rangi ya chai, bawa, na sura nzima ya yule mdudu ni Hadija, alimtoa kwenye mto huu hapa chini, akamleta katika kichupa cha dawa. Hakumwiga wa kwako. Wewe ndiye uliyemchukua wa kwake."

Bwana Mhina akanitazama. Macho yake yamekuwa na ukungu, lakini nadhani alinitambua kwa mkono ulioshika upawa. "Na tumbo?" alisema. "Tumbo ndilo lililomuuza. Tumbo la nani?" Kwa wengine wote nilikuwa na maneno. Nikasema, "Lile lilikuwa kosa."

"Tumbo si mwantumu?" Ilikuwa sauti ya Rehema, binti mkubwa wa Hadija, ametoka jikoni kunifuata, mikono ina maji. Yeye ndiye anayefunga siku hizi, anawauzia wageni wachache wanaopanda kule kuvua. Watu wakamgeukia, akaona haya kidogo, lakini akaendelea. "Mama alitufundisha kwa majina. Ukikosa kutaja jina anakufumulia uanze upya. Kuloweka katani ni mhina. Tumbo ni mwantumu nne, kinyume. Bi mgeni, kisha stela mbili." Bwana Mhina akauliza, taratibu, "Alinitaja?" "Kila siku, babu." Yule mzee akainamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake. Nami nikamuuliza Rehema kama anamjua huyo Mwantumu. Akasema hapana, alidhani ni mtu wa zamani sana, alishakufa. "Na bawa?" nikamuuliza. "Bawa mliliitaje?"

"Ah, bawa tu ndilo halikuwa na mtu," alisema Rehema. "Mama aliliita saba. Hatukujua kwa nini."

Mimi nilijua. Saba lilikuwa neno langu, la zile wiki tatu nilizolificha jina lake. Nilisimama pale, upawa unadondosha mafuta kwenye kiatu changu, mbele ya watu wote wale. Alinipa tumbo na akanipa saba, vyote viwili, kila siku, miaka yote, na sikuona hata kimoja ambacho hakikuwa changu kwa haki. "Bawa ni Hadija," nilimwambia Rehema. "Kuanzia leo lisemeni hivyo. Asiyetaja, mfumulie." Akaniuliza, mama, na wewe ni nani hasa? Nikamwambia jina langu.

Kisha nikarudi jikoni, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri chakula. Sahani ya Bwana Mhina niliipakua mwenyewe. Nilimwekea nyama mbili, kama kila mtu.